Timazi na Ngata: Msawazo wa Mwili Kama Stadi ya Kufunzwa

Fundi mwashi akitaka kujua kama ukuta wake umenyooka hushusha timazi. Uzi ukitulia sambamba na matofali, kazi imekwisha, na ukuta utasimama hapo miaka na miaka. Wengi wetu huufikiria mwili wa binadamu kwa mfano huohuo. Twasema fulani amesimama wima kama tusemavyo nguzo imesimama wima, na mwalimu anapomwamuru mwanafunzi akae sawa huwa anaamini kwamba mkao mzuri ni umbo fulani, ambalo mwili ukishalipata hutulia humo. Makala haya yanaipinga fikra hiyo. Mwili hujisimamisha, tena kwa kazi isiyokoma. Kazi hiyo hutegemea taarifa za macho, masikio na nyayo. Hufunzwa na watu kwa watu. Na ina gharama inayolipwa na misuli na mifupa ya mhusika. Ushahidi nitakaokaa nao zaidi ni ule unaopita mbele ya macho yetu kila siku: mtu aliyejitwika mzigo kichwani.

Tuanze na asiyebeba chochote. Mwambie asimame kimya, miguu pamoja, kisha umtazame kwa makini. Hatulii. Kichwa chake kinasogea mbele na nyuma kidogo sana, kama jani la mgomba pasipo na upepo wa maana. Ukishusha timazi kutoka kwenye kitovu cha uzito wake, kilicho karibu na nyonga, uzi hautapita kwenye kifundo cha mguu. Utapita sentimita chache mbele yake. Maana yake ni kwamba binadamu aliyesimama yuko katika kuanguka kifudifudi muda wote, na misuli ya shavu la mguu ndiyo inayomrudisha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba misuli hiyo hufanya kazi kama springi, ikikazana kadiri mwili unavyoinama. Mwaka 2005 Ian Loram na Martin Lakie, pamoja na mwenzao Maganaris, walionyesha kwa picha za mawimbi ya sauti kwamba sivyo. Misuli huvuta kidogo, hulegea, huvuta tena, takriban mara mbili au tatu kila sekunde, na mara nyingi hufupika wakati ule ule mwili unapoinama mbele, kana kwamba ubongo umeshabashiri anguko kabla halijafika.

Ndiyo maana amri ya mguu sawa ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi akianguka kwenye paredi la asubuhi huambiwa hakunywa chai. Huenda ni kweli, lakini iko sababu nyingine iliyo ndani ya amri yenyewe. Misuli ya miguu inaposogea hukamua mishipa na kuirudisha damu juu kwenye moyo. Mtu akijikakamaza jinsi gwaride linavyotaka, damu hujikusanya miguuni, ubongo hupungukiwa, na askari mwenye afya tele huzimia akiwa mstarini. Kilichomwangusha ni kule kulazimishwa kuwa ukuta.

Kujisimamisha kunahitaji habari. Sikio la ndani lina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, kila mmoja ukielekea upande wake, na pembeni yake vifuko viwili vyenye chembe za madini ya chokaa. Fundi mwashi angeitambua mifereji ile upesi kama ndugu wa pimamaji, ingawa kazi yake hasa ni kuhisi mzunguko wa kichwa. Vifuko ndivyo vinavyouambia ubongo chini ni wapi. Robert Bárány, tabibu wa Vienna, aligundua kwamba mgonjwa anayesafishwa sikio kwa maji baridi mno au moto mno hushikwa na kizunguzungu na macho yake huanza kuchezacheza, akatambua kwamba joto la maji linayasogeza majimaji ya ndani. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

Macho nayo yana neno lao, na nguvu yake hushangaza. Mwaka 1974 David Lee na Eric Aronson waliwaweka watoto waliokuwa ndio kwanza wameanza kusimama katika chumba ambacho kuta zake zilisogea huku sakafu ikibaki palepale. Kuta ziliposogea, watoto waliyumba, na baadhi yao walianguka, ilhali hakuna kitu kilichowagusa. Na nyayo, pamoja na viungo vya miguu, huhisi kila badiliko la mkandamizo wa ardhi. Romberg, tabibu Mjerumani wa karne ya 19, aliona kwamba wagonjwa waliopoteza hisia hizo husimama vizuri macho yakiwa wazi, na hupepesuka mara tu wanapoyafumba. Kipimo chake bado hutumika hospitalini kwetu, na hakihitaji kifaa chochote.

Chanzo kimoja kikiharibika, vingine hukifidia, na hapo ndipo ugonjwa hujificha. Streptomaisini, sindano iliyotumika kwa miongo mingi kutibu kifua kikuu, huweza kuua chembe za msawazo ndani ya sikio. Mtu aliyepatwa na hilo hutembea sokoni mchana bila shida. Umeme ukikatika usiku, hushika kuta. Mwenye kisukari cha muda mrefu, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, yuko katika hali ya kukaribiana na hiyo, na mzee ambaye macho, masikio na misuli vyote vimefifia kwa pamoja ana akiba ndogo zaidi kuliko wote hao. Tunapomwambia mzee aliyeanguka bafuni kwamba hakuwa mwangalifu, tunamlaumu kwa jambo ambalo taa na kishikio cha ukutani vingelizuia.

Je, stadi hii hutoka wapi? Kuna jibu rahisi: tumezaliwa nayo. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa na kikosi cha Mary Leakey kuanzia mwaka 1978, zimekaa katika majivu ya volkano kwa takriban miaka milioni 3.66, na waliozikanyaga walitembea kwa miguu miwili. Lakini urithi huo mkongwe haukumwondolea mtoto hata mmoja kazi ya kusimama dede. Karen Adolph na wenzake wa New York waliwahesabia hatua watoto wa kati ya miezi 12 na 19 wakicheza, wakapata wastani wa hatua 2,368 na maanguko 17 kwa saa moja. Mtu mzima akianguka mara 17 kwa saa tungemkimbiza hospitali. Mtoto hujifuta vumbi akaendelea, na kila anguko humwachia kitu.

Wala hafanyi kazi hiyo peke yake. Mwaka 1957 Marcelle Geber na R. F. A. Dean waliripoti kutoka Kampala kwamba watoto wachanga wa Uganda waliwatangulia wa Ulaya katika mambo mengi ya mwili. Wapo waliokimbilia kueleza jambo hilo kwa nasaba na damu. Charles Super alifanya jambo la busara zaidi: alikwenda Kokwet, kwa Wakipsigis wa magharibi mwa Kenya, akatazama walezi wanafanya nini. Katika makala yake ya mwaka 1976 alieleza kwamba watoto wale walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko wenzao wa Marekani, na kwamba wazazi waliwafundisha mambo hayo kwa makusudi. Mtoto alichimbiwa kishimo kilichouegemeza mgongo wake ajifunze kukaa. Alishikwa mikono akatembezwa kila siku. Kutambaa hawakufundishwa, na katika kutambaa hawakuwatangulia wengine. Kwangu mimi ushahidi huu wa kutambaa ndio wenye uzito kuliko wote. Kama damu ingekuwa sababu, ingewaharakisha katika yote.

Sasa tuingie kwenye mzigo, na hapa lugha yetu yenyewe inatutangulia. Kiswahili hakitosheki na neno kubeba. Mama humweleka mtoto mgongoni, mpagazi hupagaa begani, muuza maji wa zamani alining'iniza madebe mawili kwenye mzegazega, na mzigo wa kichwani hutwikwa, au mtu hujitwika, kisha hutua. Chini ya mzigo huo huwekwa ngata, ambayo wengine huiita kata: kanga iliyosokotwa au majani yaliyoviringishwa. Ngata huueneza uzito juu ya utosi na huipa sufuria au ndoo kitako mahali ambapo hapana bapa. Juu ya maji wengi huweka vijiti vyenye majani, ili maji yasichezecheze. Maji yanayocheza hubadili kitovu cha uzito kwa kila hatua, na mbebaji hulazimika kuyafuata.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake, akiwamo Richard Taylor wa Harvard na Giovanni Cavagna wa Milano. Walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Mzigo ulipokuwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi ya nishati hayakuongezeka. Kwa mtu asiyezoea, kila kilo huonekana kwenye hesabu tangu ya kwanza. Mwaka 1995 Norman Heglund, Cavagna na wengine walitoa maelezo. Mwili unaotembea ni kama bembea iliyogeuzwa juu chini: hupanda juu ya mguu uliokanyaga ukapunguza kasi, kisha hushuka ukairudisha. Ubadilishanaji huo wa kimo na kasi haukamiliki, na misuli hulipa pengo. Wanawake wale, walipotwikwa, waliukamilisha zaidi, hasa pale mwili unapoanza kushuka kutoka kileleni, kwa hiyo pengo likapungua.

Ni ugunduzi mzuri, nami naufurahia kila niusomapo, kwa kuwa unaithibitisha kwa vipimo elimu ambayo haikuwahi kuitwa elimu. Msichana huanza na kopo, baadaye kidumu cha lita tano, mkono mmoja ukishika ukingo na maji yakimchuruzikia mgongoni. Baada ya muda mkono unashuka ubavuni. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: magoti yamejifunza kulainisha hatua, shingo imejifunza kutulia, na macho yanatazama mbali badala ya kutazama vidole. Ugunduzi huo umesomwa vibaya, hata hivyo, na watu wanaoutaja kana kwamba mwanamke wa Kiafrika hubeba bure.

Tufanye hesabu. Asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20, ambayo ndiyo kipimo cha maji kwenye mabomba na visima vyetu, ina kilo 20 za maji kabla hujaihesabu ndoo yenyewe. Ili ndoo hiyo iangukie ndani ya kiwango cha Maloiy, mbebaji awe na kilo 100. Msichana wa kilo 40 hubeba nusu yake mwenyewe. Utafiti wa 1986 ulisema wazi kwamba kupita kiwango hicho gharama hupanda. Sehemu hiyo ndiyo isiyonukuliwa. Ray Lloyd na wenzake, waliowapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini na kuchapisha mwaka 2010, hawakuona nafuu ya jumla ya kubeba kichwani kuliko mgongoni. Waliona tofauti kubwa baina ya mtu na mtu, na maumivu ya shingo ndiyo yaliyowawekea wengi mpaka. Uchunguzi wa Ghana uliochapishwa mwaka 1994 uliona kuchakaa kwa pingili za shingo mara nyingi zaidi kwa wabebaji wa kichwani kuliko kwa wasiobeba. Na mkanda wa Kikuyu huacha bonde la kudumu kwenye mfupa wa paji. Oksijeni haikuongezeka, ndiyo, lakini mfupa ulikuwa unalipa.

Sioni mgongano kati ya matokeo haya, ila pale mtu anapodai kwamba stadi ni kipaji cha kabila au cha jinsia. Stadi hutofautiana kwa kadiri ya mazoezi, umri alioanzia mtu, njia anayopita na mzigo aliozoea. Tofauti kubwa alizoziona Lloyd ndizo tungezitarajia kwa jambo linalofunzwa. Na fundi hodari huchakaa kwa kazi yake kama wengine wote. Kumsifu mbebaji kwa mgongo wake ulionyooka, kama wafanyavyo wapiga picha wa kitalii, ni kuutazama mkao ukausahau mzigo. Mgongo ule umenyooka kwa sababu ukipinda hata kidogo, kilo 20 zinageuka wenzo unaoivunja shingo.

Kuna pengo moja katika vipimo hivi vyote. Namba za nishati hupatikana mtu akiwa tayari anatembea, kwa mwendo usiobadilika, mahali tambarare. Waliokwenda kisimani wanajua kwamba kazi hasa iko kabla ya hapo na baada yake. Wanawake hutwikana: mmoja huchutama kidogo, mwenzake hushika ukingo wa pili, ndoo hupandishwa hadi kifuani, kisha kwa pumzi moja hupita mbele ya uso hadi kwenye ngata, na kwa nusu sekunde hivi uzito haujawa wa yeyote kati yao. Asiye na wa kumtwika huipandisha kwanza juu ya jiwe, huinama, hujiingiza chini yake, kisha huinuka polepole, macho mbele, miguu ikiitafuta ardhi yenye utelezi wa maji yaliyomwagwa na waliomtangulia. Mtafiti anayetaka kujua shingo hulipa kiasi gani aanzie hapo, kwenye tope la kisimani, kabla hatua ya kwanza haijapigwa.