Sauti Nne Ndani ya Nyaya Mbili

Chukua spika moja ya zamani. Waya wake mmoja ufunge kwenye chanya ya kushoto ya amplifaya, wa pili kwenye chanya ya kulia, hasi usiziguse kabisa, kisha spika uiweke nyuma ya kochi. (Amplifaya nyingi za siku hizi hazivumilii ufungaji huu, muulize fundi kwanza.) Mmarekani David Hafler ndiye aliyeueneza ufundi huo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Spika hiyo hupokea tu tofauti kati ya kushoto na kulia. Nilipoifunga sebuleni kwangu, mwimbaji alibaki mbele, na nyuma yangu ukaja mwangwi wa ukumbi, makofi, mtu akikohoa. Yote yalikuwamo kwenye rekodi ileile niliyoisikiliza miaka nenda miaka rudi.

Kujumlisha na kutoa: hapo ndipo mapokeo mawili makubwa ya sauti ya kuzunguka yanapoanzia, na chemchemi yao ni moja. Mwingereza Alan Blumlein, aliyekerwa na sinema ambamo mwigizaji yuko upande huu na sauti yake inatoka upande ule, aliomba hataza yake ya stereo mwaka 1931, na hesabu hiyo imo ndani yake.

Wamarekani waliipeleka kwenye sinema. Dolby Stereo, iliyopata umaarufu na Star Wars mwaka 1977, ilibana sauti nne katika njia mbili za filamu. Sauti ya kati hugawiwa pande zote mbili sawasawa. Ya nyuma nayo hugawiwa sawa, ila kinyume: upande mmoja ukisukuma, mwingine unavuta. Dikoda, kifaa kinachozitenganisha tena sauti hizo, ikijumlisha inapata ya kati. Ikitoa inapata ya nyuma. Mwaka 1982 ufundi huo ukaingia majumbani. Lakini hesabu tupu huvuja: kati ya spika jirani hubaki tofauti ya desibeli 3 tu, na maneno ya mwigizaji yanatapakaa ukuta mzima. Ndipo mwaka 1987 ikaja Pro Logic, yenye mlinzi wa kielektroniki anayetambua sauti inayotawala inatoka wapi, kisha anaifuta kwingineko. Kwa filamu, naikubali bila kusita: neno linatoka mdomoni mwa anayesema. Kwa muziki inaniudhi. Mlinzi yule hawezi kufuata pande zote kwa wakati mmoja, na ngoma ikipigwa kwa nguvu, ukumbi mzima unayumba pamoja nayo.

Katika mapokeo ya pili, Michael Gerzon, mwanahisabati wa Oxford, aliuliza swali jingine. Hakutaka kujua sauti hii iwekwe spika gani. Alitaka kujua sauti inakifikiaje kichwa cha msikilizaji kutoka kila upande. Pamoja na Peter Fellgett na wengine, miaka ya 1970, walijenga Ambisonics, ambamo hakuna spika yenye fungu lake: zote hushirikiana kuitoa kila sauti. Muundo wake wa UHJ ulitosha kwenye njia mbili za stereo ya kawaida, na Nimbus Records walitoa rekodi nyingi kwa muundo huo. Sokoni haukufua dafu, kwa kuwa watu walikuwa wameshachoshwa na vita vya kibiashara kati ya mifumo ya spika nne. Hata hivyo, kwa anayetaka kuketi katikati ya okestra, Gerzon ndiye aliyekuwa na swali sahihi, na leo hesabu zake zinatumika kwenye video za nyuzi 360.

Jioni moja niliweka nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, miaka 3 kabla ya hataza ya Blumlein. Kushoto na kulia ni sauti moja. Ukitoa, unabaki na sifuri. Nikasogeza sikio hadi kwenye spika ya nyuma. Siti hakuwemo. Ilisikika mikwaruzo ya santuri tu, kwa sababu vumbi halikukaa sawasawa kwenye kuta mbili za mfereji. Sauti yake yote ilikuwa mbele, pamoja na udi na fidla, imebanana mahali pamoja.