Mutuele ya afya: kutoka soja za Bwamanda mpaka familia zilizohama

Kila tukizungumza juu ya mutuele ya afya, kuna anayeuliza: hayo si mambo ya wenye mshahara? Swali hilo ni la haki. Historia yetu ndiyo iliyolizaa.

Wakati wa Wabelgiji, aliyekuwa na uhakika wa kutibiwa ni mtu wa kazi. Kule Katanga, Union Minière ilijenga hospitali kwa wafanyakazi wake na familia zao, maana mgonjwa hachimbi shaba. Mlimaji wa kijijini alitegemea misheni, au timu za serikali zilizopita kupambana na malale. Baada ya uhuru mambo hayakugeuka sana. Hata Sheria ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto. Lakini mama anayeuza ndizi, kijana wa pikipiki na mwenye shamba, mwajiri wao ni nani?

Hao walibaki na njia moja: kulipa siku wanapougua. Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zone za afya 306. Mpango ulikuwa mzuri, ila feza ya serikali haikuufuata. Vituo na hospitali zikaishi kwa feza ya mgonjwa. Toka hapo tunayajua: familia inauza mbuzi, inauza kipande cha shamba, na mama aliyekwisha kujifungua anazuiliwa mpaka deni liishe.

Mwaka 1986, mbali na sisi, kaskazini-magharibi mwa nchi, hospitali ya Bwamanda ilijaribu njia nyingine. Wakati ule ilikuwa Équateur. Leo ni jimbo la Sud-Ubangi. Watu wa kule ni walimaji, karibu hakuna mwenye mshahara. Hospitali, ikisaidiwa na shirika la maendeleo la CDI-Bwamanda, iliwaambia: kila mmoja katika nyumba achange mara moja kwa mwaka, akilazwa hospitalini atalipa asilimia 20 tu ya bei.

Mchango uliwekwa kiasi gani? Bei ya kilo 2 za soja. Tuangalie vizuri akili iliyokuwa ndani yake. Kwanza, kila mlimaji alijua soja ni nini na kilo 2 ni nini. Pili, noti za zaire zilikuwa zinapoteza thamani kila mwaka, lakini soja ilipanda bei pamoja na vitu vingine. Tatu, michango ilipokelewa katika majira ambapo watu wameuza mavuno na wana feza mkononi. Majira yakipita, mlango unafungwa mpaka mwaka ujao, ili mtu asingoje augue ndipo akimbilie kujiandikisha. Na waliopokea michango ni wauguzi wa vituo vya afya, watu wanaojulikana kijijini.

Mwaka wa kwanza walijiandikisha asilimia 28 ya wakaaji. Baada ya miaka michache walipita asilimia 60. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona jirani amepasuliwa na akarudi nyumbani bila kuuza shamba.

Lakini kasoro zilionekana pia. Wanaokaa mbali na hospitali walichanga sawa na wa karibu, wakaitumia kidogo kuliko wao. Na mtu asiyevuna kitu alichanga nini?

Hapo ndipo hadithi ya Bwamanda inafika kwetu. Mutuele nyingi zilizokuja baadaye, hata huku Kivu, zilifuata njia hiyo: mchango wa mwaka, kadi, na vituo vilivyopatana nazo. Sheria ya 8 Februari 2017 ikaziwekea msingi wa kisheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, ilikuwa imekwisha kuihakikisha haki ya afya. Ila mfano wenyewe unasimama juu ya mtu aliyetulia: ana shamba, ana mavuno, na kituo chake kiko pale pale. Familia iliyokimbia vita imeacha vyote vitatu. Kadi iko mfukoni, kituo kilichopatana nayo kiko nyuma ya mstari wa mapigano. Na anayelala kwa ndugu mjini, si kambini, mara nyingi hata matibabu ya bure ya mashirika hayamfikii.

Tangu Septemba 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bure, unaopanuliwa jimbo kwa jimbo. Pale mpango unapofika na kituo kinalipwa kweli, mama haulizwi mchango wa mavuno. Kwa aliyehama, tofauti hiyo ni kubwa: mwenye kulipa ni serikali, na haki inaweza kumfuata mtu popote alipo.

Basi wakija kuwaandikisha katika mutuele, baba na mama, ulizeni haya kabla ya kutoa feza. Kadi inakubaliwa katika vituo gani? Tukihama, itapokelewa kule tunakokwenda? Tutabaki kulipa sehemu gani wenyewe? Michango inapokelewa mwezi gani, na nani anaitunza? Na asiye na kitu, nani anamchangia? Mwenye mutuele asiyeweza kujibu hayo, mwambieni arudi na majibu.