Tezos (uboreshaji wa mtandao kwa kura)

Tezos ni mtandao wa blokucheni ambao kanuni zake hubadilishwa kwa kura ya wenye sarafu, na uamuzi wa kura hutekelezwa na programu yenyewe. Sarafu yake huitwa tez. Wazo hilo aliliandika Arthur Breitman katika nyaraka mbili za mwaka 2014, akijificha nyuma ya jina la L. M. Goodman; mkewe, Kathleen Breitman, ni mwanzilishi mwenza. Mtandao uliwashwa kwa majaribio Juni 30, 2018, na kutangazwa rasmi Septemba mwaka huohuo.

Blokucheni, yaani daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, haina makao makuu ya kuamuru kila kompyuta ipakue toleo jipya la programu. Kila mwenye kompyuta hujiamulia, na wasipoafikiana daftari hupasuka likawa mawili, kila moja na sarafu yake. Ethereum ilipasuka Julai 2016 baada ya fedha za mradi wa The DAO kuibwa: waliotaka wizi ubatilishwe walibaki na jina, waliokataa kugusa daftari wakaenda zao na Ethereum Classic. Bitcoin ikafuata Agosti 1, 2017, ugomvi ukiwa juu ya ukubwa wa bloku, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari, ikazaliwa Bitcoin Cash. Nyaraka za Breitman zilikuwa zimetangulia mapasuko yote mawili, na hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo.

Hata hivyo, mtandao huu wa kumaliza magomvi ulizaliwa katikati ya ugomvi. Uuzaji wa sarafu wa Julai 2017 ulikusanya takriban dola milioni 232, kisha akina Breitman wakazozana na Johann Gevers, rais wa wakfu wa Tezos huko Zug, Uswisi. Uwashaji ulichelewa, na mzozo ukaisha Februari 2018 kwa Gevers kuondoka. Mfumo wa kura ulikuwa bado kwenye karatasi. Haukuwa na la kusema.

Programu inayoendesha kila nodi, yaani kila kompyuta ya mtandao, ina sehemu mbili. Gamba la nje hushughulikia mawasiliano na uhifadhi. Ndani yake mna itifaki, yaani kanuni za kuhakiki miamala na kulipa waendeshaji, zikiwemo kanuni za kura zenyewe; kwa hiyo hata utaratibu wa kupiga kura unaweza kubadilishwa kwa kura. Itifaki huandikwa kwa lugha ya OCaml na hutambulishwa kwa hashi inayotokana na msimbo wake: herufi moja ikibadilika, hashi nayo hubadilika. Mpiga kura basi hapimi ahadi wala andiko la nia njema, bali msimbo uliokwisha kuandikwa. Gamba halipigiwi kura. Mwenye nodi hulisasisha mwenyewe, na hapo Tezos haina tofauti kubwa na mitandao mingine.

Wapiga kura huitwa waokaji: hao huweka tez dhamana ili watengeneze bloku. Kima cha chini cha kuwa mwokaji kilikuwa tez 10,000, kikashushwa hadi 8,000 mwaka 2019, kisha 6,000 mwaka 2022. Mwenye tez chache humkabidhi mwokaji uzito wa kura bila kumpa sarafu. Asiporidhika naye, humhama.

Tangu itifaki ya Edo ya mwaka 2021, kura hupitia vipindi vitano vya takriban wiki mbili kila kimoja. Kwanza waokaji huwasilisha mapendekezo na kuyaunga mkono. Linaloongoza, likiwa limefikisha asilimia 5 ya uzito wote, huingia kura ya uchunguzi. Hufuata kipindi cha kutulia, ambapo msimbo hujaribiwa na kukaguliwa. Kura ya pili ndiyo ya kupitisha. Kipindi cha tano huwapa watu nafasi ya kujiandaa, kisha itifaki mpya hushika usukani kwenye bloku iliyopangwa. Katika kura zote mbili, kura za ndiyo lazima zifikie asilimia 80 ya ndiyo na hapana kwa pamoja. Anayejizuia huhesabiwa kwenye akidi tu, na akidi hupanda au kushuka kufuata mahudhurio ya kura zilizopita.

Badiliko la kwanza, Athens, liliandikwa na Nomadic Labs ya Paris. Lilikuja kwa matoleo mawili: A lililopunguza kima cha chini cha kuwa mwokaji, na B lisilokigusa. A likashinda, likaanza kazi Mei 30, 2019, likiwa na ankara ya tez 100 za waandishi, kiasi kidogo cha kuonyesha kwamba itifaki inaweza kumlipa aliyeiandika. Tangu hapo majina ya miji hufuata alfabeti: Babylon, Carthage, Delphi na kuendelea. Zamu ya herufi N iliangukia Nairobi, itifaki iliyoanza Juni 2023. Jina tu ndilo linaloiunganisha na Kenya.

Lawama kuu ni kwamba uzito wa kura ni uzito wa mfuko. Masoko ya sarafu kama Coinbase na Binance ni waokaji pia, na uzito wao hutokana na tez za wateja. Vitalik Buterin wa Ethereum alionya mwaka 2017 kwamba kura ya sarafu huwapendelea matajiri na kwamba wengi hawajitokezi kuipiga. Kuna jambo jingine lisilosemwa sana: wanaoweza kuandika itifaki nzima ni wachache mno, hasa Nomadic Labs, TriliTech na Functori, hivyo mabishano mazito humalizika kabla sanduku la kura halijafunguliwa. Nguvu halisi ya mwokaji ni kusema hapana, na waokaji wamewahi kuitumia. Pendekezo la Oxford la mwaka 2023, lililobeba mpango wa kufanya utoaji wa tez mpya utegemee kiasi kilichowekwa dhamana, lilishindwa kwenye kura. Waandishi wakalirekebisha, na Oxford 2 ikaanza Februari 2024. Mpango wenyewe wa utoaji ulisubiri hadi itifaki ya Paris, katikati ya mwaka huo.