Kisima cha Gedi

Mtu atokaye Malindi kwenda Gedi husafiri kilomita zipatazo 16, kisha huingia msituni, na humo ndimo ulimo mji. Kiongozi wetu, mzee wa Kigiriama, alitutangulia polepole, wala hakupenda tumpite.

Alituonyesha kwanza kaburi lililochongwa mwaka wake, 802 wa Hijria, yaani 1399. Kisha tukaona msikiti mkuu, jumba la mtawala, na vyoo vya mawe, ambavyo wanafunzi walivistaajabia kuliko kuta zote. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua hapa mwaka 1948, alifukua vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina.

Mji kama huo uliachwaje? Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, lakini jina la Gedi halimo katika habari zao. Ni jina la Kioromo, nao Waoromo walifika baadaye. Wako wasemao kwamba wenyeji walikimbia vita, kwani Wazimba walipita pwani hii mwaka 1589.

Mzee hakubishana. Alitupeleka kwenye kisima cha msikiti, akasema, "Mwalimu, chungulia. Hiki kilichimbwa, kisha kikachimbwa tena." Wachimbuzi nao husema vivyo hivyo: kina kiliongezwa kwa kuwa maji yalikuwa yakishuka. Mimi nakiamini kisima kuliko vita, kwa maana Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, na wenyewe wakarudi wakaijenga.

Mwanafunzi mmoja aliinama, akaita. Sauti yake ilimrudia. Chini palikuwa na majani makavu tu.