Mwanga wa Nyota Kwenye Chipu

Tarehe 13 Desemba 1920, kwenye Mlima Wilson, California, Francis Pease aliielekeza darubini ya inchi 100 kwenye nyota Betelgeuse. Mdomoni mwa darubini ulifungwa mhimili wa chuma wa futi 20 wenye vioo vya kusogezwa, ubunifu wa Albert Michelson. Mwanga wa vioo viwili ulipokutana ulichora michirizi ya weusi na weupe. Vioo vilipotenganishwa kwa takriban mita tatu, michirizi ikafutika. Kwa umbali huo ukakokotolewa upana wa nyota, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa nyota yoyote isipokuwa Jua.

Mbinu ilikuwa nzuri ila ilikataa kukua. Mwaka 1974 Antoine Labeyrie aliunganisha darubini mbili zilizosimama mbalimbali huko Nice, Ufaransa, na kuanzia hapo hesabu ikaanza kuuma. Darubini mbili ni jozi moja, lakini nne ni jozi sita, na kila jozi inadai vioo vyake kwenye meza ya kukutanishia mwanga. Joto likibadilika kidogo vioo vinahama, fundi anaanza upya.

Nafuu ilitoka kwa watu wa simu. Nyuzi za mawasiliano hupitisha mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa mikromita 1.55, na bendi ya H, sehemu ya infraredi wanayoitumia wanaastronomia, iko papo hapo. Gharama kubwa ya utafiti ilikuwa imeshalipwa na wapiga simu! Miaka ya 1990 Pierre Kern, Fabien Malbet na wenzao wa Grenoble wakapendekeza njia za mwanga zichorwe ndani ya kioo. Njia hizo zina upana wa mikromita chache tu, hivyo mawimbi yaliyovurugwa na hewa huchujwa humo.

Mwaka 2000 chipu ya aina hiyo ilikutanisha mwanga wa nyota halisi kwenye mtambo wa darubini wa IOTA, Arizona. Oktoba 2010 kikaja kifaa cha PIONIER huko Paranal, Chile: milango minne ya kuingilia, 24 ya kutokea, na jozi zote sita ndani ya kipande kinachoenea kiganjani.

Kifaa kilichofuata, GRAVITY, kina chipu inayopozwa hadi nyuzi 73 hivi chini ya sifuri, joto lake lisije likauchafua mwanga. Mei 2018 kiliifuatilia nyota S2 ikilipita shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,600 kwa sekunde.

Ukaidi uliobaki ni wa kioo chenyewe. Kupita urefu wa wimbi wa mikromita 2.5 hivi, silika ya kioo hicho huanza kuumeza mwanga, na huko ndiko sayari changa zinakong'aa vizuri. Maabara za Ulaya na Australia zimegeukia vioo vya floraidi na chalkojenidi, njia zikichorwa ndani yake kwa leza.