Sukari katika jamaa: kile damu inachobeba na kile nyumba inachobeba

Katika mtaa kama Cimpunda, komini ya Kadutu, baba akiwa na ugonjwa wa sukari, kisha binti yake naye akaanza kukonda, kunywa maji mengi na kukojoa usiku kucha, maneno mawili hutoka upesi: laana ya ukoo, ao karuho. Jamaa inaanza kutafuta nani aliyetia sumu, na siku za kupima damu zinapita.

Ni kweli kwamba sukari hufuata ukoo. Aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, haitoki kwenye jeni moja. Jeni nyingi zinahusika, na kila moja inaongeza hatari kidogo. Mtu mwenye mzazi mmoja mgonjwa anahesabiwa hatari ya karibu 40 kwa 100 maishani mwake. Wazazi wote wawili wakiwa nao, karibu 70. Hesabu hizo zilitoka hasa Ulaya na Marekani, basi mtu wa Bukavu asizichukue kama hukumu. Tena utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulionyesha kwamba watu wenye hatari kubwa, waliopunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu.

Aina ya kwanza, inayoshika sana watoto na vijana, ni tofauti. Kinga ya mwili yenyewe inaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Wengi wanaoipata hawana hata ndugu mmoja mwenye ugonjwa huo, kwa hiyo kusema “kwetu hakuna” hakusaidii. Mtoto huyo akikatishwa insulini kwa sababu ameombewa, anaweza kufa katika siku chache. Maombi na sindano viende pamoja.

Kwetu Kivu kuna jambo lingine, na naona ndilo tunalolisahau zaidi. Watu wa nyumba moja wanashiriki jeni, lakini wanashiriki pia sahani moja na njaa moja. Watafiti waliwatafuta watu wazima waliotibiwa utotoni kwa utapiamlo mkali, bwaki ikiwemo, katika hospitali ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kati ya 1988 na 2007. Matokeo ya 2021: walikuwa na mafuta ya tumboni na dalili zinazotangulia sukari na ugonjwa wa moyo kuliko wenzao ambao hawakuugua. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari lilikubali jina la “aina ya 5” kwa sukari inayotokana na utapiamlo. Hiyo inashika watu wembamba.

Basi ulizeni wazee wa jamaa: nani aliambiwa ana sukari, na kwa umri gani? Nani alikatwa mguu? Mama gani alizaa mtoto wa zaidi ya kilo 4? Mwenye mzazi ao ndugu wa tumbo moja mgonjwa apimwe damu asubuhi kabla ya kula. 126 mg/dl ao zaidi, ikionekana mara mbili, ni ugonjwa wa sukari. Mama aliyepata sukari akiwa na mimba arudi kupimwa juma la 6 hadi la 12 baada ya kuzaa, hata akijisikia mzima.