Kusimama, kukoma na kukamilika kwa kazi ya ujenzi

Maana. Kazi *iliyosimama* haiendelei kwa sasa, lakini yatarajiwa kuanza tena. Kazi *iliyokoma* imefikia mwisho wake, hata kama jengo halijesha. Kazi *iliyokamilika* imetimia, haikubaki kitu. Katika mazungumzo maneno haya hupokezana. Katika hati za sheria hayapokezani.

Katika sheria. Mfano mzuri ni California, Marekani. Huko fundi, muuza vifaa au mkandarasi mdogo (aliyepewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu) asipolipwa, aweza kusajili *dai la ujenzi* juu ya mali iliyojengwa. Mkandarasi mdogo sharti alisajili ndani ya siku 90 tangu kazi kukamilika. Lakini kazi ikikoma kwa siku 60 mfululizo, sheria huihesabu kuwa imekamilika, ingawa paa halijaezekwa. Tena, baada ya siku 30 mfululizo bila kazi, mwenye mali aweza kusajili *notisi ya kukoma kwa kazi*. Tangu siku ya usajili huo, mkandarasi mdogo hubakiwa na siku 30 tu. Hivyo muda ambao ungekuwa siku 150 tangu vyombo kuwekwa chini waweza kupungua hadi takriban 60.

Katika tafsiri. Anayeandika “notisi ya kusimama kwa kazi” humfanya msomaji angoje kazi ianze tena, na huku siku zake zinakwisha. “Notisi ya kukamilika” nayo haifai, kwa kuwa hiyo ni hati nyingine.

*Isiandikwe:* Mwenye mali amesajili notisi ya kusimama kwa kazi.
*Iandikwe:* Mwenye mali amesajili notisi ya kukoma kwa kazi.

Tahadhari. Dai la ujenzi lisiitwe “haki ya kuzuia mali”. Fundi saa huzuia saa mkononi mwake hadi alipwe. Mdai wa ujenzi hashiki chochote. Ulinzi wake ni maandishi katika daftari la kaunti, na hata hayo hupoteza nguvu asipofungua kesi ndani ya siku 90 tangu kuyasajili. Vilevile, *mkandarasi mdogo* hapa hutaja nafasi katika mkataba; aweza kuwa kampuni kubwa kuliko mkandarasi mkuu.